Taj Mahal, mume na mke: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Mwezi Februari mimi na mume wangu tulikuwa Delhi kwa kliniki yake ya moyo. Daktari alimpima, akatuambia turudi baada ya siku nne kusikiliza majibu. Siku nne ndani ya chumba cha kupanga, mgonjwa na mwuguzi wake wakitazamana, ni ndefu sana. Tukachukua siku mbili kati ya hizo tukaenda Agra, mji wenye Taj Mahal. Tangu turudi Tanga tumeulizwa mengi na ndugu, majirani na watu wanaopeleka wagonjwa wao India, basi nimeyakusanya majibu hapa. Ya nauli na tiketi nimeyachanganya na yale mengine, kwa kuwa ndivyo watu wanavyotuuliza.

Taj Mahal ni kasri, msikiti au ni kitu gani?

Ni kaburi. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanakwenda wakidhani wataona jumba alilokuwa akikaa mfalme, na jina lenyewe linawapoteza: taj ndiyo taji yetu, na mahal kwao ni kasri. Aliyelala mle ni Arjumand Banu, aliyepewa jina la Mumtaz Mahal, mke wa Shah Jahan, mfalme wa tano wa Wamoghuli, ukoo wa Kiislamu uliotawala India. Walioana mwaka 1612. Alikuwa akifuatana na mumewe hata kwenye safari za vita, mimba na yote, na katika safari moja ya namna hiyo akafariki mjini Burhanpur, mbali na Agra, Juni 1631. Alikuwa anajifungua mtoto wa kumi na nne. Kati ya wale kumi na nne, saba ndio waliokua.

Kwetu pwani mwanamke aliyefariki kwa uzazi anahesabiwa shahidi. Hilo hata mtoto wa chuo analijua. Mimi nilikuwa nimeiona Taj kwenye kalenda na makopo ya chai maisha yangu yote, na sikuwahi kuambiwa kuwa ni kaburi la mzazi. Ukilijua hilo kabla ya kufika, hata mwendo wako pale getini unabadilika. Ndiyo maana nawaomba wanaokwenda, hasa mke na mume, walijue hili kwanza, kabla ya bei ya tiketi.

Ni kweli alilijenga kwa mapenzi, au ni hadithi za watalii?

Waandishi wa baraza lake walisimulia kuwa baada ya msiba hakutoka hadharani kwa wiki nzima, na ndevu zake ziligeuka mvi kwa muda mfupi. Mwili ulizikwa kwanza Burhanpur, katika bustani kando ya mto Tapti, ukahamishiwa Agra Desemba ya mwaka huohuo. Ujenzi ulianza 1632. Jengo la kaburi lilikamilika katika miaka ya 1640, na uwanja mzima, pamoja na msikiti, bustani na mageti yake, mnamo 1653. Mafundi na vibarua wanatajwa kufika 20,000, chini ya msanifu anayetajwa kwa jina la Ustad Ahmad Lahauri. Marumaru zilikokotwa kutoka Makrana, Rajasthan, zaidi ya kilomita 300. Gharama inayotajwa ni rupia milioni 32, yaani laki 320 kwa hesabu yao, na laki yao ndiyo laki yetu.

Tukiwa bado kwenye foleni mume wangu aliniambia, "Mama watoto, hizi zote ni kodi za wakulima." Sikumpinga. Mfalme aliyejenga vile alikuwa pia anawaonyesha watu ukubwa wa ufalme wake. Lakini bado naamini alimpenda. Aliishi miaka 35 baada ya kumzika, minane ya mwisho akiwa mfungwa wa mwanawe Aurangzeb ndani ya Ngome ya Agra, na binti yao Jahanara ndiye aliyemwuguza. Alipofariki, Januari 1666, walimlaza ubavuni mwa mkewe.

Twende mwezi gani?

Oktoba na Novemba, au Februari na Machi. Desemba na Januari kuna ukungu mzito wa asubuhi. Unaweza kusimama mbele ya kuba usilione, na treni huchelewa saa nyingi. Mei na Juni joto linapita nyuzi 40, msimpeleke mgonjwa. Julai hadi Septemba ni mvua za masika yao.

Siku gani?

Siku yoyote ila Ijumaa. Ijumaa pamefungwa kwa watalii. Jumapili na sikukuu zao pamefunguliwa lakini watu ni wengi mno.

Viza na chanjo zikoje?

Viza ya mtandaoni inaombwa kwenye tovuti ya serikali ya India angalau siku nne kabla ya safari. Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanaweza kuiomba. Jihadharini na tovuti za mawakala zilizopambwa zikafanana na ile ya serikali, kwani zinatoza zaidi. Sisi tulikuwa na viza ya matibabu kwa mgonjwa na ya msindikizaji kwangu.

Kadi ya homa ya manjano msiisahau. India inawadai wasafiri wanaotoka nchi nyingi za Afrika, chanjo iwe imepita siku kumi, na asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Ukiwa na mgonjwa mwenye miadi ya hospitali, hebu fikiria siku sita hizo.

Kutoka Delhi tunafikaje?

Treni. Kuna treni ya kasi inayoitwa Gatimaan inayotoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin saa mbili na dakika kumi asubuhi na kufika Agra Cantt kwa dakika 100 hivi, na mnapewa kifungua kinywa humo humo. Ijumaa haitembei, kwa sababu Taj imefungwa. Nyingine, Shatabdi, hutoka New Delhi saa kumi na mbili alfajiri. Tiketi kateni siku kadhaa mapema. Tukiwa tumechelewa tulipata viti vilivyotengana, nikakaa nyuma yake safu tatu nikimtazama kisogo njia nzima.

Barabara nayo ni nzuri, ile ya kulipia iliyofunguliwa 2012, yenye kilomita 165. Kwa gari la kukodi ni saa tatu hadi nne ukihesabu foleni za kutoka Delhi. Uzuri wake ni kwamba mnasimama mtakapo. Ubaya wake nitausema kwenye swali la marumaru.

Tulale Agra au turudi siku hiyo hiyo?

Laleni. Najua watu wanabana matumizi, na wengi wakiwa kwenye matibabu kila rupia ina kazi yake. Lakini atokaye Delhi asubuhi anafika Taj saa nne, jua limeshapanda, umati umeshajaa, naye anawaza treni ya kurudi. Sisi tulifika mchana, tukaenda mahali pengine jioni, tukalala, tukawa getini kabla ya jua. Milango hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Saa ile jiwe halina weupe wa kalenda. Kwanza ni la kijivu kama majivu ya asubuhi, kisha linaingia wekundu mwembamba, kisha maziwa. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, alisema "Subhanallah" mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza.

Majina yetu kwenye pasipoti hayafanani. Hoteli haitatusumbua?

Hili huulizwa sana na wanawake, kwani wengi wetu tunabaki na majina ya baba zetu. Sisi tulibeba nakala ya cheti cha ndoa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Pale mapokezi walitaka pasipoti na viza tu, wakapiga nakala, basi. Hata hivyo bebeni. Karatasi haina uzito.

Tiketi ni shilingi ngapi?

Kwa mgeni ni rupia 1,100 kuingia uwanjani, na rupia 200 zaidi kwa anayetaka kupanda kwenye jukwaa la kaburi na kuingia ndani. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Mgeni hupewa humo humo chupa ndogo ya maji na vifuniko vya viatu. Tiketi ni ya saa tatu. Inauzwa mtandaoni na dirishani. Kadi yetu ya benki ilikataa mtandaoni, tukanunua dirishani kwa pesa taslimu. Malipo ya simu yanayotumika kule ni ya wenyeji, kwa hiyo muwe na noti.

Raia wa India analipa rupia 50 ya kuingia, na wengi huniuliza kama huo si uonevu. Sioni hivyo. Nasi Serengeti mgeni halipi sawa na Mtanzania, na ni haki mwenyeji aweze kumpeleka mwanawe kuona urithi wake.

Hizo 200 lipeni. Nimekutana na watu waliokwenda mpaka Agra wakaziokoa, wakaishia kutazama kaburi kwa mbali.

Nini hakiruhusiwi kuingia?

Chakula, sigara, viberiti, visu, kamera ya miguu mitatu, droni, mabegi makubwa. Wanaume na wanawake wana foleni tofauti za ukaguzi, kwa hiyo pataneni mapema mtakutana wapi upande wa pili. Mimi nilinyang'anywa biskuti nilizombebea mgonjwa ili asimeze dawa na tumbo tupu. Dawa zenyewe, zikiwa na barua ya daktari, hazikuguswa. Mwenye sukari au presha ale vizuri kabla ya kuingia.

Mtu mzima au mgonjwa ataweza kutembea kote huko?

Ataweza mkienda polepole. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kusogea ndani ya mita 500 za jengo, kwa hiyo kutoka maegesho kuna magari madogo ya umeme. Viti vya magurudumu vinapatikana. Kutoka lango kuu hadi kwenye kaburi ni mwendo wa mita mia tatu hivi kwenye bustani, tambarare, na mabenchi yapo. Kazi ni ngazi za kupandia jukwaani. Mume wangu alizipanda kwa awamu mbili, mkono wake begani kwangu.

Kwa wale wanaouliza kila siku: majibu yake, alhamdulillahi, yalikuwa ya kutia moyo. Dawa zinaendelea, kliniki nyingine ni baada ya miezi sita.

Tuvae nini? Tunaweza kushikana mikono?

Vaeni kama mnavyovaa mkienda kutoa mkono wa pole. Buibui, dera, kanzu, suruali, vyote vinakubalika. Nyayo tu ndizo zitavuliwa viatu au kuvikwa vile vifuniko. Kushikana mikono hakuna atakayewasema. Zaidi ya hapo si desturi ya pale, wala si ya kwetu.

Kuna benchi moja la marumaru, kwenye birika la katikati ya bustani, ambalo Diana wa Uingereza alipigwa picha amekaa peke yake mwaka 1992. Watu hupanga foleni kupiga picha pale wakiwa wawili wawili. Sisi tulilipita.

Tukishaingia, tutazame nini? Si ni jengo moja tu?

Mtu akiniuliza hivi najua alipita mbio. Anzeni kwenye lango kuu, lile la mawe mekundu, na msikimbilie kuvuka. Maandishi yanayolizunguka ni Suratul Fajri yote, na inaishia kwenye aya zile zinazoiita nafsi iliyotulia irejee kwa Mola wake na kuingia peponi. Ukimaliza kuzisoma unapita langoni, na bustani iko mbele yako, imegawanywa mafungu manne kwa mifereji ya maji, na kaburi liko mwisho wake. Anayeijua sura hiyo haelezwi bustani imewekwa pale kwa nini.

Kwenye jengo lenyewe, fremu ya mlango imezungushiwa Yasini. Sisi tunaisomea maiti wetu kila usiku wa Ijumaa, na hapa imekatwa kwenye marumaru nyeusi ndani ya nyeupe, ikapanda ukutani. Mwandishi wake, Amanat Khan wa Shiraz, aliziongeza herufi ukubwa kadiri zinavyopanda, ili anayesimama chini azione zote sawa. Nilisimama pale nikaanza kuisoma kutoka kulia, macho yakapanda, yakavuka juu ya mlango, yakashuka kushoto. Shingo iliniuma, na sikujali.

Kisha sogeeni ukutani kabisa. Kwa mbali jengo ni jeupe. Kwa karibu ni bustani. Maua yamechongwa ndani ya jiwe na kujazwa vipande vya akiki, feruzi, na lile jiwe la buluu la Afghanistan, vipande vyembamba kama kucha ya mtoto, na ua moja dogo linaweza kuwa na vipande vingi usivyoweza kuvihesabu kwa macho. Pitisha macho, usipitishe kidole. Mafundi wa Agra bado wanaifanya kazi hiyo hiyo.

Minara minne mtaiona imeinama kidogo kwa nje. Maelezo yanayotolewa ni kwamba tetemeko likija ianguke mbali na kaburi. Upande wa magharibi kuna msikiti, kwa kuwa kibla chao kiko magharibi. Sisi wa Afrika Mashariki tuliozoea kaskazini tunababaika kidogo. Upande wa mashariki kuna jengo linalofanana nao kabisa, lakini halina kazi ya msikiti. Wanaliita jawab, yaani jawabu: lilijengwa ili msikiti uwe na mwenzake wa kuitikia. Mume wangu alilipenda hilo jengo kuliko yote.

Ndani mnaona nini?

Chumba chenye pembe nane, nusu giza. Katikati kuna uzio wa marumaru uliotobolewa kama lesi. Kwanza uzio ulikuwa wa dhahabu, ukabadilishwa kwa huu mwaka 1643. Ndani yake kuna makaburi mawili. La Mumtaz liko katikati kamili ya jengo, na kila kitu kuanzia lango kuu kimepangwa kwa mstari wake. La Shah Jahan, kubwa zaidi, limewekwa ubavuni, upande wa magharibi, nalo ndilo lililovunja mizani ya chumba kizima. Juu yao inaning'inia taa ya shaba iliyotengenezwa Cairo, zawadi ya Lord Curzon wakati Waingereza wakitawala.

Haya ya juu ni alama tu. Wenyewe wamelala chini yake, kwenye chumba kingine ambacho watalii hawashuki. Mlinzi mmoja alipoona tunatazama sakafu alielekeza kidole chini akasema, "Qabr, qabr." Hakuhitaji mkalimani.

Picha ndani haziruhusiwi, na umati unasukumwa usisimame. Sauti yoyote inapanda kwenye kuba na kukaa huko muda mrefu kabla ya kufa. Bahati mbaya watu wanalijua hilo na wanapiga kelele makusudi ili waisikie. Iliniuma. Kama mmesafiri mpaka pale, nyamazeni kwa dakika moja.

Naweza kusali pale, au kumsomea dua?

Sala ya Ijumaa kwenye ule msikiti ni kwa wakaazi wa Agra. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India ilikataa ombi la kuwafungulia wasio wakaazi. Siku nyingine sala haziruhusiwi. Sisi tulisali kwenye msikiti wa mtaani, nje. Dua ya moyoni haina mlinzi. Mume wangu alisoma Fatiha akiwa amesimama kwenye uzio, midomo tu ikitikisika, mikono chini, foleni ikimpita.

Nililojifunza tukiwa huko, na laiti ningelijua mapema: kila mwaka tarehe 25, 26 na 27 Rajabu hufanywa urs ya Shah Jahan, yaani kumbukumbu ya kufariki kwake. Siku hizo chumba cha chini hufunguliwa, na watu huingia bure kwa saa zilizopangwa. Anayeweza kuipanga safari yake kwa Rajabu, aipange.

Ni kweli mafundi walikatwa mikono? Na ile Taj nyeusi?

Hakuna ushahidi wa mikono kukatwa, ingawa kila dereva atawasimulia. Majina ya baadhi ya mafundi yanajulikana, na Amanat Khan aliruhusiwa hata kutia saini yake kwenye jengo.

Kuhusu Taj nyeusi ambayo mfalme eti alitaka kujijengea ng'ambo ya mto, habari hiyo ilienezwa na msafiri Mfaransa, Tavernier, wa karne ya 17. Wataalamu walipochimba ng'ambo ile katika miaka ya 1990 walikuta bustani na birika lenye pembe nane. Mawe meusi yaliyokuwa yakionekana yalikuwa meupe yaliyochakaa.

Nasikia inageuka njano. Wanaitunza?

Wanajitahidi. Moshi wa viwanda, magari na vumbi vimeiathiri, na mto Yamuna unaopita nyuma yake ni mchafu, unanuka, na unazaa wadudu wanaochafua kuta. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu iliamuru viwanda vilivyotumia makaa katika eneo la kilomita za mraba 10,400 kuizunguka vibadilishe nishati au vihame. Marumaru husafishwa kwa kupakwa udongo wa Multani, unaachwa ukauke kisha unaoshwa. Ni udongo ule ule ambao wanawake wa kule hujipaka usoni, kama sisi tunavyojipaka liwa. Niliposimuliwa hilo nilifurahi kuliko nilivyotarajia: bibi harusi wa miaka karibu mia nne bado anasingwa.

Usiku wa mbalamwezi je?

Inawezekana usiku wa mwezi mpevu, siku mbili kabla na mbili baada, isipokuwa Ijumaa na mwezi wa Ramadhani. Mnaingia kwa makundi ya watu 50, kwa nusu saa, na mnatazama kutoka mbali, upande wa lango. Hamlifikii kaburi. Kama ni lazima kuchagua, alfajiri.

Tununue marumaru?

Mkipenda, lakini si pale dereva atakapowapeleka. Wetu alituambia anasimama "dakika mbili", tukajikuta dukani tunaonyeshwa sinia kwa saa nzima, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, na mgonjwa amechoka. Dereva hulipwa kwa kila mteja anayemleta. Semeni tangu mwanzo, kwa upole na uso mkavu, kuwa hamsimami dukani.

Vitu vingi vya bei rahisi si marumaru bali ni jiwe laini kama lile la Kisii. Jaribu kulikwaruza chini kwa ukucha. Likiacha alama si marumaru. Nilinunua kisahani kimoja kidogo chenye ua moja.

Chakula?

Hamtalala njaa: chapati, biriani, sambusa, bajia mnazijua majina yake. Waambieni wapunguze pilipili. Agra inajulikana kwa petha, tamutamu inayotengenezwa kwa boga jeupe, inafanana kidogo na maboga ya sukari ya bibi zangu. Inastahimili safari, ni zawadi nzuri.

Watu hawatusumbui sisi Waafrika?

Mtatazamwa. Wengine wataomba kupiga picha nanyi, familia nzima na bibi yao. Tulikubali mara tatu, ya nne tukakataa kwa kuweka mkono kifuani, wakaelewa. Wapigadebe wa nje ya geti ndio wasumbufu, na hao hawachagui rangi.

Tukibaki na nusu siku, twende wapi?

Ngome ya Agra ina ukumbusho wake: kibaraza ambacho Shah Jahan aliitazamia Taj akiwa kifungoni. Kaburi la Itimad-ud-Daulah ni dogo, limetulia, na lilitangulia: Nur Jahan, shangazi yake Mumtaz, ndiye aliyelijengea wazazi wake, kati ya 1622 na 1628. Baba na mama wamelala pamoja katikati. Fatehpur Sikri iko kama kilomita 40, nzuri sana, ila si kwa mgonjwa.

Lakini mkiwa wawili na mmechoka, nendeni Mehtab Bagh, ng'ambo ya mto, jioni. Hapo ndipo tulipokwenda ile siku ya kwanza, kabla hatujaingia Taj yenyewe. Ni bustani iliyopangwa mstari mmoja na kaburi. Watu ni wachache. Mto uko katikati, ndege wa majini wamesimama kwenye matope, na Taj iko mbele yako bila foleni, ikionyesha mgongo wake.

Tulikaa chini ya mti. Saa kumi na mbili simu ikalia, ni wakati wa kidonge cha jioni, nikaanza kupekua mkoba nikitafuta maji. Mzee mmoja mtunza bustani alikuwa anapita na mpira wa kumwagilia, akasimama, akatazama kile kikaratasi cha vidonge mkononi mwangu.

"Dawa?" akauliza.

"Dawa," nikamwambia.

Akaweka mpira chini, akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na chupa ya maji iliyofungwa, akampa mume wangu kwa mikono miwili.